Shemeji wa Nyuma ya Pazia

Zamani ukifika kwenye gereji ile na tairi lililogoma kutoka, hukuulizwa maswali. Ulionyeshwa benchi, ukakaa, ukatazama. Fundi wa pale watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Kisigino, na kwake kubadilisha tairi la pikipiki ilikuwa kazi na tamasha kwa pamoja. Tairi likikaa muda mrefu ukingo wake hung'ang'ania rimu kama kupe. Mafundi wengine huligonga kwa nyundo mpaka huruma inakushika. Kisigino alililaza chini, akatemea viganja mate, akaruka juu na kutua na kisigino cha kiatu chake kizito. Pu! Ukingo ukaachia. Kisha akachomeka vyuma vyake viwili, mabega yakavimba, mishipa ya shingo ikasimama, tairi likatoka lenyewe kwa adabu. Watu walipiga makofi.

Angeishia hapo yasingemkuta ya kumkuta. Lakini sifa hulevya kuliko pombe, na ng'ambo ya barabara alikuwepo fundi mwenzake, mtu mpole asiyejua kujibu, aliyejinunulia mashine ndogo ya kutolea tairi. Kisigino kila akimaliza gurudumu alimgeukia na kupaza sauti.

"Jirani! Hiyo mashine yako asubuhi inakula nini? Mimi mwenzako nimekunywa chai kavu tu!"

Watu wanacheka. Jirani naye anatabasamu, anainama kwenye kazi yake.

"Mashine ni mkongojo!" Kisigino anaongeza. "Mwanamume mwenye mabega yake anatakia nini mkongojo?"

Aliyasema hayo miaka nenda miaka rudi, na wahenga hawakukosea kusema ulimi huponza kichwa. Ila kwa Kisigino bega ndilo lililoanza kuponzeka. Wala halikuumizwa na tairi, angalau ingekuwa hadithi ya kusimulia. Siku moja alinyoosha mkono kuchukua kopo la sukari juu ya kabati, akasikia kitu kinachomoka begani kama mguu wa stuli iliyooza, akajikuta amekaa sakafuni na sukari imemwagika kichwani. Daktari alilirudisha bega mahali pake, akamwambia bila kuzunguka kwamba kuvuta na kusukuma sasa basi. "Hilo ni la kulia chakula na kusalimia watu," alisema.

Kisigino alirudi nyumbani kimya. Mkewe, fundi cherehani aliyefanyia kazi kwenye chumba kilichopakana na gereji, alimwekea chai, akasubiri. Alikuwa ameishi naye muda mrefu wa kutosha kujua kwamba mumewe akinyamaza ana jambo.

"Wakijua," Kisigino alisema mwishowe.

"Wakijua nini? Kwamba umeumia? Watu huumia."

"Wakijua kwamba Kisigino hawezi tena tairi, mimi ni nani pale? Bila mabega haya mimi si fundi, mke wangu. Ni mlinzi wa spana."

Na hilo ndilo lililomkosesha raha. Hakuogopa maumivu. Aliogopa kukaa kwenye benchi lake mwenyewe akitazama watu wanavuka barabara.

Basi akafunga mlango wa gereji, akaandika kwa chaki kwamba kuna ukarabati, akaanza kupiga bongo. Ukweli usemwe, mtu yule alikuwa fundi. Alitafuta ubao mnene uliokuwa daraja la mtaro, akasimamisha nguzo fupi upande mmoja na kuikaza kwa boliti. Kwenye nguzo akafunga bomba refu la chuma liweze kupanda na kushuka kama mkono wa pampu ya maji. Chini ya bomba, karibu na nguzo, akaning'iniza kipande cha jembe kuukuu. Wazo lilikuwa jepesi: gurudumu linalazwa kwenye ubao, jembe linakaa juu ya tairi kando tu ya rimu, unalalia ncha ya bomba kwa uzito wa mwili, jembe linakandamiza, ukingo unaachia. Bega halihusiki.

Mara ya kwanza alipolilalia bomba, ubao ndio ulioinuka. Nguzo, jembe na gurudumu vikamjia kichwani kwa pamoja, naye akaruka pembeni kwa wepesi aliodhani ameuacha ujanani. Mkewe alichungulia, akatazama, akarudi kwenye cherehani yake bila neno, na cherehani ikasikika ikicheka kwa muda. Kisigino akapachika injini mbovu juu ya mkia wa ubao, ukatulia.

Mara ya pili jembe lilikandamiza vizuri, ila likalikata tairi kama nyanya. Bahati njema lilikuwa tairi lake mwenyewe. Akalisugua jembe kwa tupa mpaka makali yakaisha, akalipinda kidogo kufuata mviringo wa gurudumu, akalivalisha kipande cha tyubu kuukuu. Mara ya tatu akalala juu ya bomba, akafumba macho. Pu! Ukingo ukaachia kwa sauti ile ile ya kisigino chake. Alisimama peke yake katikati ya gereji, akicheka.

Akaendelea. Alichukua rimu ya gari iliyotupwa, akaifanya kigoda cha kushikilia gurudumu lisizunguke. Vyuma virefu alivifua kutoka kwenye springi ya lori, akazipinda ncha zake kama ulimi. Dumu la mafuta ya kupikia akalikata vipande vya kuvalisha rimu isichunike. Sabuni ya maji akaiweka kwenye kopo na brashi. Na hapo, akifanya kazi kwa mkono mmoja na goti, akagundua jambo lililomuudhi sana. Katikati ya rimu kuna bonde. Ukilisukuma tairi upande wa pili lizame kwenye bonde lile, upande wako linalegea lenyewe, linatoka bila ugomvi. Bonde hilo lilikuwepo tangu rimu ya kwanza aliyoishika maishani. Hakuwahi kulijali, maana mwenye mabega hana haja ya kutazama.

Kilichobaki kilikuwa ni mahali pa kuiweka mitambo hiyo. Mtu aliyetukana mikongojo ya watu hawezi kutembea na wake hadharani. Alimwomba mkewe pazia, naye mke akampa kitambaa kilichobaki kwenye oda ya mtu, chenye mawaridi mekundu makubwa kama sahani. Kisigino akalitundika kati ya benchi la wateja na nyuma ya gereji. Ikawa gereji pekee yenye grisi ukutani na bustani katikati.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwenyekiti wa waendesha pikipiki wa kituo cha karibu, mtu mwenye kifua cha kuku na sauti ya fahali. Alishangaa Kisigino alipobeba gurudumu na kupotelea nyuma ya mawaridi. Akasikia chuma kinalia, akasikia pu, akasikia kimya. Kidogo tu, Kisigino akatoka na gurudumu lenye tairi jipya.

Mwenyekiti alimtazama kuanzia kichwani. "Fundi, nani yumo humo ndani?"

"Nani atakuwemo? Hakuna mtu."

"Hakuna mtu? Mimi nakujua wewe. Ukitoa tairi unatoka jasho mpaka kwenye nyusi. Leo umetoka mkavu kama mtu anakwenda harusini. Halafu huo mkono umeubana hapo kama umeficha yai. Sema kweli, umeweka mtu."

Ukweli ulishafika kwenye ulimi. Lakini ng'ambo ya barabara jirani alikuwa anaifuta mashine yake kwa kitambaa, polepole, na Kisigino akaona miaka yote ile ya vicheko inageuza njia kumrudia yeye.

"Haya, umenishika," alisema. "Yupo mtu. Ni shemeji yangu."

"Kaka yake mkeo?"

"Huyo huyo. Ana haya sana. Hapendi kutazamwa."

Kumwambia Mwenyekiti jambo ni kulipandisha kwenye paa. Kufika jioni kituo kizima kilijua kwamba kwa Kisigino kuna shemeji wa miraba minne. Aliyefuata akatia chumvi, kwamba shemeji anatoa tairi kwa meno. Mwingine akaapa amekiona kivuli chake, kimejaa mlango. Watu wakaanza kumpelekea ndizi, maana mtu wa nguvu zile lazima anakula. Mama mmoja mwenye binti aliyefikia umri wa kuolewa akaja kwa fundi cherehani kupima gauni ambalo halikuhitaji kupimwa, akauliza kama kaka mtu ana tabia njema.

Siku hiyo cherehani ilizimwa mapema.

"Mume wangu," mke alisema, mikono kiunoni. "Mimi nimezaliwa peke yangu kwa mama yangu. Sina kaka, sina dada, hata paka hatukuwa naye. Leo nimeulizwa kaka yangu anavaa kiatu cha saizi gani."

"Ukasemaje?"

"Ningesemaje? Nikasema kikubwa."

"Vumilia kidogo tu."

"Kidogo mpaka lini? Nimuoze binti wa watu kwa ubao? Njia ya mwongo ni fupi, na wewe yako imeshafika ukutani. Mama anakuja Jumamosi."

Kisigino alijikuna kichwa kwa mkono mzima. Mama mkwe wake alikuwa mwanamke wa sauti na kicheko, asiyeweza kupita mahali bila kusalimia hata mbuzi. Na kutoka stendi kuja kwao lazima apite kwenye kituo cha pikipiki.

Lakini kulikuwa na jambo lililomchoma kuliko hilo, na alilificha hata kwa mkewe. Wateja walikuwa hawamwiti tena. Wakisimamisha pikipiki zao walipaza sauti kulielekea pazia, "Shemeji, kuna kazi!" kisha wakampa yeye gurudumu alipeleke, kama mtumishi wa mlangoni. Na Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, alimshika bega, lile bovu, akamnong'oneza.

"Fundi, usikasirike. Enzi zako ulikuwa mkali. Lakini huyu shemeji ni habari nyingine. Tairi linatoka, rimu haina hata mkwaruzo. Wewe ulikuwa unatuchuna rimu, tunanyamaza tu kwa heshima."

Kisigino alirudi nyuma ya pazia, akakaa juu ya ile injini mbovu. Alikuwa anafanya kazi nzuri kuliko alivyowahi kufanya maishani, na sifa zote zilikuwa zinakwenda kwa mtu asiyezaliwa. Akamwonea wivu. Alimwonea wivu wa kweli, wa kunyima usingizi, mpaka akajisikia kutaka kumfukuza kazi.

Jumamosi ikafika, na mama mkwe akafika nayo, amepakiwa nyuma ya pikipiki ya Mwenyekiti mwenyewe, kikapu mapajani, uso unang'aa kama aliyetoka kutunukiwa. Nyuma yao zilifuata pikipiki za kituo karibu zote, zikipiga honi.

"Shikamoo mama," Kisigino alisema.

"Marahaba mwanangu! Marahaba!" Alishuka, akamkumbatia, kwa bahati tu, upande uliokuwa mzima. "Yaani leo nimefurahi, sijui niseme nini. Nimefika pale kituoni, sijauliza hata njia, watu wananizunguka. Mama, wewe ndiye uliyemzaa? Mama, mwanao ni hodari! Mama, mikono ya mwanao ibarikiwe! Nikawaambia, ndiyo, ni wangu, kwani mlidhani wa nani?"

Mke alikuwa ametoka mlangoni na sindano mdomoni. Aliitoa asije akaimeza.

Mwenyekiti akapiga makofi kutaka utulivu, ingawa mwenye kelele zaidi alikuwa yeye. "Jamani, siku zote hizi bwana mkubwa anatuonea haya. Sasa mama mzazi kafika. Mtu anaweza kumkatalia yeyote, si mama yake." Akaligeukia pazia. "Shemeji! Toka, mama yako amekuja!"

Mawaridi hayakutikisika. Watu walinyoosha shingo. Hata jirani wa ng'ambo alikuwa amevuka barabara, kitambaa chake mkononi, akasimama nyuma ya wote.

Mama mkwe alitazama pazia, akamtazama Mwenyekiti. "Unamwita nani huko?"

"Mwanao, mama."

"Mwanangu si huyu hapa?" Akamshika Kisigino mkono.

"Huyo ni mkweo, mama. Tunamsema mwanao. Yule wa ndani, anayetoa matairi."

"Ndani kuna nani?" Sasa hakuwa anacheka. "Mimi nina mtoto mmoja, binti, yule pale na sindano. Nimesemwa sana kwa hilo, ujanani nililia mpaka nikachoka kulia. Tangu alipoolewa sijalia tena. Mtu akiniuliza kama nina mtoto wa kiume namwambia ninaye, ni fundi, yuko mjini, anatengeneza pikipiki. Huyu. Kwa hiyo mliponiambia mwanangu ni hodari, nilijua mnamsema huyu. Mlikuwa mnamsema nani?"

Mke, ambaye alikuwa amekasirika wiki nzima, aliona uso wa mumewe, na hasira ikamtoka. Akajaribu kumrushia kamba. "Mama, aliyekuwa ndani ametoka kidogo, ni kibarua tu, atarudi..."

Ilikuwa kamba nzuri. Kisigino angeishika, kesho angesema kibarua ameondoka, na maisha yangeendelea. Aliitazama kamba ile. Akamtazama mama mkwe wake, aliyemshika mkono bado, aliyetembea na jina lake miaka yote kama ngao, na yeye hakujua. Watu walimsifia mwanawe, naye mama alipokea sifa hizo bila shaka hata moja. Ni yeye Kisigino aliyekuwa amezikataa, akazigawa kwa ubao.

Alikwenda, akashika mawaridi kwa mkono mzima, akayavuta mpaka kamba yake ikakatika.

"Hakuna mtu," alisema. "Hakujawahi kuwa na mtu. Bega langu limeharibika. Siwezi tena kuruka, siwezi kuvuta. Hivi vitu nimevitengeneza mimi, matairi yenu yote nimeyatoa mimi, na nimeona aibu kuwaambia kwa sababu mnajua nilivyomsema mwenzangu." Akamtafuta jirani nyuma ya watu. "Nilikutukana miaka mingi, ndugu yangu, na hukunikosea kitu. Nisamehe."

Jirani hakujua atazame wapi. Alipita katikati ya watu, akaingia, akainama kwenye ubao. Aligusa jembe kwa kidole.

"Hapa umevalisha nini?"

"Tyubu."

"Aa." Akatikisa kichwa taratibu. "Yangu huchuna. Sikuwahi kufikiria tyubu." Akaliachia jembe, kisha akasema, "Ulikuwa unanichekesha, lakini pia ulikuwa unaniumiza. Haya, yamekwisha."

Hapo Mwenyekiti ndipo alipopata sauti yake. "Ngoja kwanza. Zile ndizi zangu kala nani?"

"Mimi," alisema mke. "Zilikuwa tamu."

Kicheko kilianzia kwa mama mkwe. Kikamshika tumbo, akatafuta benchi, akakaa, na kutoka kwake kikawaenea wote, mpaka mmoja akaegemea pikipiki yake akaanguka nayo. Alikuwepo asiyecheka, yule mama mwenye binti. Yeye aliutazama ubao kwa masikitiko ya kweli, akaondoka zake.

"Maneno matupu hayatoi tairi," Mwenyekiti alisema akijifuta machozi. "Tuone."

Wakamletea gurudumu la mbele la pikipiki iliyoanguka, kuukuu, ukingo umeshikana na rimu kwa kutu. Kisigino hakutemea mate viganjani. Alililaza juu ya ubao, akaweka jembe, akapima kwa jicho, akalalia bomba kwa upande wa bega zima. Macho yote yalikuwa juu yake kama zamani, ila safari hii alikuwa mtu wa makamo mwenye mkono uliobanwa kifuani, amelala juu ya bomba tumbo chini, miguu inaning'inia, wala hapakuwa na la kupendeza katika picha hiyo. Pu! Akageuza. Pu! Akahamishia kwenye kigoda, akapaka sabuni, akavalisha rimu vipande vya dumu, akalisukuma tairi kwa goti likazama kwenye bonde. Chuma kimoja, hatua fupi. Chuma kimoja tena. Tairi likateleza, likatoka, likadondoka miguuni pake.

Hakuna aliyepiga makofi. Walisogea karibu. Mmoja alichuchumaa akapitisha mkono kwenye rimu nzima akitafuta mkwaruzo, akakosa. Mwingine akauliza lile bonde liko wapi, Kisigino akamshika kidole akamwonyesha. Jirani naye aliinama kutazama. Mama mkwe, bado kwenye benchi, alikuwa anamwambia kila aliye karibu, "Si niliwaambia?"

Mwenyekiti alikwenda kwenye pikipiki yake, akalipiga teke tairi la nyuma, lile pana linalowashinda wengi. Mazoea yana taabu. Akapaza sauti kama alivyoizoea wiki nzima.

"Na hili la nyuma, shemeji ataliweza?"

"Shemeji hayupo," Kisigino alisema, akinyoosha mkono mzima kulipokea. "Lete, nitaliweza mimi."